Marianne North si "bibi wa maua" tu

Ukimtaja Marianne North, mchoraji na mwandishi aliyezaliwa Hastings, Uingereza, mwaka 1830, wanaomjua humwita bibi wa maua. Uzushi huanzia hapo.

"Alichora vimaua kwa rangi za maji." Hapana. Picha zinazompa sifa ni za rangi za mafuta, mzigo kwa msafiri, maana hukawia kukauka. Wachoraji wengi wa mimea wa enzi zake waliliacha ua peke yake kwenye karatasi nyeupe. Yeye alilichora pale linapoota, nyuma yake mlima, mto au paa la nyumba.

"Alitumwa na Kew, bustani ya mimea ya London." Hakutumwa na mtu. Baba yake, aliyekuwa mbunge wa Hastings, alifariki 1869 na kumwachia mali. Hakuolewa, na kuanzia 1871 alizunguka kwa fedha zake: Jamaika, Brazil, Japani, Borneo, India, Australia, Afrika Kusini, Shelisheli, Chile. Hata jengo la Kew linalohifadhi picha zake zaidi ya 800, lililofunguliwa 1882, aligharamia mwenyewe. Alitaka wageni wapate chai au kahawa humo. Mkurugenzi, Joseph Hooker, akakataa. Basi bibi akachora mmea wa chai na wa kahawa juu ya milango!

"Alipenya misituni bila msaada wa mtu." Nusu kweli. Mara nyingi hakuwa na mwenzi wa safari, ila alibeba barua za utambulisho na kufikia kwa wakubwa. Sarawak, kisiwani Borneo, alikaribishwa na mtawala wake, Charles Brooke. Milango hiyo ilifunguliwa na Dola ya Uingereza, na wanaomsifu hulipitia jambo hili haraka mno.

"Aligundua Nepenthes northiana." Mmea huu wa Sarawak una vikombe virefu vinavyonasa wadudu. North aliletewa tu, akauchora. Picha ilipofika London, kampuni ya Veitch, wauza mimea, ikamtuma mtu akautafute, na Hooker akaupa jina la mchoraji 1881. Shelisheli nako upo mti, Northia, uliopewa jina lake.

Na kitabu cha kumbukumbu zake? Husomwa kana kwamba kila neno alilipitisha mwenyewe. Alifariki 1890, kilitoka 1892, kimehaririwa na dada yake, Catherine, ndiye aliyeamua kipi kibaki.