"Take": mgeni aliyemfukuza mwenye nyumba

Juzi nikisahihisha insha za kidato cha pili nilikuta hii: "I climbed the bus at Ujiji and drank medicine." Nilicheka, kisha nikamwonea huruma. Kapanda basi, kanywa dawa. Kwa Kiswahili hana kosa. Ila Mwingereza yote mawili huyasema kwa "take", na kwa kitenzi hichohicho hupiga picha, huketi kitini na hufanya mtihani.

Vijitabu vya notsi huorodhesha maana hizo ili mtoto akariri. Mimi sivipendi hata kidogo.

Kwanza, neno lenyewe ni la kuja. Zamani Waingereza kwa kutwaa walikuwa na "niman", ndugu wa "nehmen" la Wajerumani. Waskandinavia walianza kuivamia Uingereza karne ya 8, baadaye wengine wakalowea hukohuko, na "taka" lao mdomoni (si taka letu, jamani). Katika maandishi ya Kiingereza linaonekana mwishoni mwa karne ya 11, na taratibu likamtoa mwenyeji. Mabaki ya "niman" ni kama "numb", yaani kiungo kilichotwaliwa hisia zake, na "nimble", mwepesi wa kudaka.

Katika Kigothi, lugha ya ukoo huohuo iliyokwisha kufa, "tekan" ni kugusa. Basi ni habari ya mkono: unagusa, unashika, mwisho unaondoka nacho.

Chukua letu nalo limetembea. Zamani lilikuwa kubeba hasa. Ndiyo maana mbeba mizigo ni mchukuzi, na mambo ya reli na meli yana Wizara ya Uchukuzi. Leo twasema safari ya treni inachukua muda, wala hakuna aliyejitwika kitu.

Na piga je? Pasi, simu, kura, mswaki, soga. Hakuna aliyekaririshwa orodha hiyo. Ukisikia "pasi" umeshaelewa. Kwa hiyo darasani nawaambia waliache "take" kwanza, watazame limeandamana na nani. Vidonge? Kumeza. Basi? Kupanda. "Take off" nayo umtazame mtendaji: mtu na shati lake anavua, ndege inapaa.

Nikawapa zoezi: "The plane took off." Kijana mmoja wa nyuma akaandika, "Ndege ilivua." Jirani yake akachungulia daftari, akamuuliza, "Ilivua dagaa au migebuka?"