Kizunguzungu cha ghafla: kabla ya kuongeza kidonge, mwaga dawa zote mezani

Nyumba nyingi hapa Moshi, mtu mzima akishikwa na kizunguzungu, neno la kwanza utakalolisikia ni "presha imepanda". La pili ni "mpeni kidonge chake". Mimi ni mfamasia, huu ni mwaka wa 14 niko kaunta, na hilo neno la pili linanitia hofu kuliko la kwanza.

Presha ya kupanda kwa kawaida haina dalili. Mtu anatembea na 180 ya juu, anacheka, anapalilia migomba, hasikii chochote. Lakini yule ambaye tayari anatumia dawa za presha, kisha akawa anaona giza kila akiinuka, mara nyingi presha yake imeshuka. Ukimwongezea kidonge hapo, unamsukuma chini zaidi.

Mwezi wa pili, joto la Moshi likiwa limekolea, dada mmoja aliingia famasi amemshika baba yake mkono. Walikuwa wameshuka na daladala kutoka Kibosho. (Wameniruhusu nisimulie, bila majina.) "Baba anaanguka," akasema kabla hata hajakaa. "Juzi usiku kaanguka mlangoni akienda msalani. Naomba dawa ya kizunguzungu."

Nikamwamkia mzee, akaitikia vizuri, maneno yamenyooka, uso haujapinda. Nikamuuliza, "Baba, nyumba inazunguka, au ni giza kama unataka kuzimia?"

"Giza, mwanangu. Nikikaa linaondoka."

Jibu hilo ni nusu ya kazi. Nyumba ikizunguka mtu anapojigeuza kitandani, hasa kwa sekunde chache chache, mara nyingi shida iko ndani ya sikio, na daktari anayejua huitibu kwa kukigeuza kichwa kwa mpangilio maalumu, bila kidonge. Giza linalokuja ukisimama na kuondoka ukikaa ni habari nyingine, na hapo mimi huomba kuona dawa.

Dada akatoa kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na karatasi za vidonge zilizokatwa kwa mkasi, viwili viwili, na majina mengi yalikuwa yamekatwa pamoja nazo. Nikazimwaga juu ya kaunta, nikavaa miwani, nikaanza kuunganisha vipande. Kimoja kilikuwa amlodipini ya miligramu 10, dawa ya presha ambayo kwenye boksi huandikwa amlodipine. Kingine kilikuwa na jina la kibiashara, maandishi makubwa ya bluu. Chini yake, kwa herufi ndogo kama chungu: amlodipine 10. Dawa ileile. Ya kwanza aliandikiwa hospitali moja, ya pili akaandikiwa kwingine alikokwenda kwa sababu ya mafua. Kwa wiki 5 alikuwa anameza zote mbili kila asubuhi, jumla miligramu 20, wakati ukomo wa dawa hiyo kwa siku ni 10.

Hazikuishia hapo. Cha tatu kilikuwa losatani, nayo ni ya presha, na mwishoni mwa jina kuna herufi H. Herufi hiyo moja mara nyingi maana yake ndani ya kidonge kuna dawa nyingine, ya kutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Cha nne, tamsulosini ya tezi dume, alikuwa ameianza karibuni. Na siku kizunguzungu kikizidi, nyumbani walimwongezea kimoja "kutuliza presha". Hakuna aliyemtakia mabaya. Kila aliyemwandikia aliona kipande chake tu, na kopo zima hakuliona yeyote.

Tunaposimama, damu ya nusu lita hadi lita nzima huteremkia miguuni na tumboni. Mwili ukiwa huru, moyo huongeza kasi na mishipa hubana ndani ya sekunde chache, damu ikarudi juu. Sasa angalia mzee huyu: amlodipini maradufu imelegeza mishipa, tamsulosini nayo inazuia isibane, na dawa ya maji imepunguza ujazo wenyewe. Damu ipande kichwani kwa njia gani?

Nilimlaza kwenye kitanda chetu cha kupimia dakika 5. Ikasoma 128/74. Nikamsimamisha nikiwa nimemshika kiwiko, nikapima baada ya dakika 1: 94/58. Ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, ndani ya dakika 3 za kusimama, hiyo ni presha ya kushuka kwa kusimama. Kipimo cha kukaa peke yake kingemwambia yuko salama, ndiyo maana nawasihi wenzangu wa kwenye famasi na zahanati: msimamisheni mgonjwa.

Dawa ya kizunguzungu sikumuuzia. Sinarizini, ambayo wengi huinunua kwa kizunguzungu, ingempa usingizi, na mzee mwenye usingizi anayeamka mara tatu usiku kukojoa ataanguka tu. Niliandika dawa zote kwenye karatasi, jina halisi, kipimo, saa anayomeza, nikawatuma kwa daktari siku ileile.

Sikumwambia aache dawa mwenyewe, wala wewe usiache. Dawa za presha na moyo kama atenololi au propranololi zikikatwa ghafla moyo unaweza kuleta shida kubwa, na dawa za kifafa zikikatwa ghafla degedege hurudi. Kuhakiki dawa maana yake ni kuzipeleka zikaangaliwe.

Wenye sukari wana lao. Ukimeza glibenklamaidi kisha ukaruka mlo, iwe ni mfungo au shughuli za sokoni, sukari inaweza kushuka ukatetemeka, ukatoka jasho, kichwa kikawa chepesi. Na wale wanaomeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kila siku kwa ajili ya magoti: ukiona kizunguzungu na choo cheusi kama lami, huenda tumbo linavuja damu. Usije kwangu, nenda hospitali. Hali kadhalika mdomo ukipinda, mkono ukikosa nguvu, maneno yakikwama, kifua kikibana, au mtu akizimia kabisa.

Daktari aliondoa amlodipini moja, akaagiza arudi baada ya wiki 2. Waliporudi nilimpima tena: alipolala 136/80, aliposimama 126/76. Karatasi za vidonge zilikuja nzima, bila kukatwa. Nilikuwa nimemwomba asiinuke kitandani kwa pupa, akae kwanza ukingoni, miguu sakafuni, ahesabu hadi 20. Akaniambia kuhesabu kunamchosha. Akiamka usiku anakaa, anasali Baba Yetu mpaka amina, ndipo anasimama.