Irabu nyingi si mwanzo mzuri

Kwenye baraza za Mji Mkongwe, wachezaji wa Wordle, mchezo wa kukisia neno la siri la Kiingereza la herufi tano ambapo kila jaribio huonyesha herufi zilizomo, hushikilia kwamba lazima uanze na ADIEU, eti kwa kuwa lina irabu nne. Sivyo. Maneno mengi mno ya Kiingereza yana A au E, kwa hiyo kujua irabu ipo hakupunguzi sana yaliyobaki. Konsonanti ndizo zinazochuja. SLATE hupima irabu mbili na konsonanti tatu za kawaida, tena E ikiwa mwishoni, mahali inapotokea sana.

Mkitungiana maneno ya Kiswahili ya herufi tano, jambo hili huzidi: karibu kila neno letu huishia kwa irabu. SAMLI itakufaa kuliko UZAZI, linalopoteza nafasi kwa kurudia Z. Na majaribio ni 6 tu!