Vita vya daraja bila daraja: kosa lipi la filamu linapotosha historia?

Watu wakikosoa filamu za kihistoria huanza na nguo. Katika Braveheart ya 1995, wapiganaji wa Uskoti wa mwishoni mwa karne ya 13 wamevaa vazi la mirabaraba lililoanza kuonekana karibu miaka 300 baadaye. Ni kosa, lakini kwangu ni dogo. Linaloniuma zaidi ni daraja.

Vita vya Daraja la Stirling vilipiganwa tarehe 11 Septemba 1297. Daraja lilikuwa la mbao, jembamba, wapanda farasi wawili tu ndio waliweza kupita sambamba. William Wallace, shujaa wa filamu hiyo, na Andrew Moray waliongoza Waskoti, wakawaacha Waingereza waanze kuvuka. Walipoona waliofika ng'ambo ni idadi wanayoweza kuimudu, wakateremka na kuziba mdomo wa daraja. Waliovuka wakabanwa kwenye ardhi tepetepe kando ya mto Forth, na wenzao upande wa pili wasiweze kuwafikia.

Filamu imeliondoa daraja na kuweka uwanja wa wazi. Kinachobaki ni hotuba na ujasiri, na mtazamaji anaondoka akiamini jeshi dogo lilishinda kwa moyo tu, ilhali lilishinda kwa kuchagua mahali na wakati. Moray, kamanda mwenza siku ile, hayumo kabisa. Kwa hiyo mimi hupima hivi: kosa limegusa pambo, au limegusa sababu ya tukio?

Yapo pia makosa yanayomwangukia mtu. Zulu ya 1964, kuhusu mapigano ya Waingereza na Wazulu huko Rorke's Drift, Afrika Kusini, Januari 1879, inamwonyesha askari Henry Hook kuwa mlevi na mkwepa kazi. Hook mwenyewe hakuwa mnywaji, na alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, kwa kusaidia kuwatoa wagonjwa hospitalini huku paa likiungua. Mwishoni Wazulu wanawaimbia Waingereza wimbo wa heshima, jambo ambalo halikutokea. Wimbo huo unaufanya uvamizi wa nchi ya watu uonekane kama mechi iliyokwisha kwa kupeana mikono, na hilo ni zito kuliko kofia au bunduki isiyo ya wakati wake.

Mwaka 2009 mtafiti wa saikolojia Andrew Butler na wenzake walichapisha jaribio ambalo wanafunzi walisoma maandishi sahihi na kutazama vipande vya filamu. Filamu ilipoafikiana na maandishi, walikumbuka vizuri zaidi. Ilipopingana nayo, mara nyingi walijibu kwa kosa la filamu, tena kwa uhakika, wakidhani wamelisoma. Onyo la jumla kwamba filamu ina makosa halikuwasaidia. Lililosaidia ni onyo lililotaja kosa lenyewe.

Ukitazama peke yako, anza na tarehe za kuzaliwa na kufa. Isabella, binti wa mfalme wa Ufaransa, ambaye Braveheart inamwonyesha kuwa mpenzi wa Wallace, alizaliwa yapata 1295 na akafika Uingereza 1308. Wallace alinyongwa Agosti 1305. Kisha uliza nani hayumo.

Ukiwaonyesha wanafunzi, simamisha filamu kabla ya vita vya Stirling. Chora mto, chora daraja, kisha waulize jeshi zima likipita wawili wawili litachukua saa ngapi kuvuka. Wakishajibu, endelea na filamu.