Siku 40 za hoja za rufaa zinaanza lini?

Ninafanya kazi za rufaa katika mahakama za shirikisho za Marekani, na kabla sijasoma hata ukurasa mmoja wa hukumu, namuuliza mrufani tarehe.

Wengi wamesikia kwamba hoja za maandishi za mrufani hutakiwa ndani ya siku 40. Wanapokosea ni mwanzo wa kuhesabu. Siku hizo hazianzi hukumu inaposomwa, wala notisi ya rufaa inapopelekwa masijala. Zinaanza pale kumbukumbu za shauri zinaposajiliwa katika mahakama ya rufaa. Mjibu rufaa hupata siku 30 tangu apelekewe hoja hizo, kisha mrufani ana siku 21 za kumjibu. Siku ya tukio lenyewe haihesabiwi. Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa, ila muda ukiishia siku hizo au sikukuu ya kisheria, husogea hadi siku ya kazi inayofuata.

Hizo ni kanuni za jumla. Mara nyingi mahakama hutoa ratiba yake kwa amri, na amri hiyo ndiyo ya kufuata. Angalieni hata saa: kwa kawaida nyaraka za kielektroniki hupokelewa hadi saa sita usiku, lakini Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tatu, yenye makao Philadelphia, tangu Julai 2023 hufunga saa kumi na moja jioni.

Muda wa hoja unaweza kuongezwa ukiwa na sababu ya msingi, na ni vyema kuomba kabla haujaisha. Mrufani akinyamaza, mwenzake anaweza kuomba rufaa itupwe. Mjibu rufaa akinyamaza, hasikilizwi siku ya kujadili hoja mpaka mahakama imruhusu.

Notisi ya rufaa ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo watu wanaumia. Kesi ya madai ina siku 30, au 60 kama serikali ya Marekani ni mhusika; mshtakiwa wa jinai ana 14 tu. Keith Bowles, mfungwa wa Ohio, alipitwa na muda wa notisi, akaomba ufunguliwe upya. Kwa kuufungua upya, sheria inaruhusu siku 14. Jaji akampa 17. Bowles akawasilisha notisi siku ya 16, ndani kabisa ya muda aliopewa. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu iliamua, majaji 5 kwa 4, kwamba rufaa yake haiwezi kusikilizwa: muda umewekwa na sheria ya Bunge, na jaji hana uwezo wa kuurefusha. Mimi nipo upande wa wale wanne. Mtu aliyetii amri ya jaji hakupaswa kuadhibiwa kwa kosa la jaji.

Mwaka 2017, katika shauri la Hamer, mahakama hiyo hiyo ilifafanua kwamba ukomo uliowekwa na kanuni za mahakama peke yake, bila sheria ya Bunge, hauiondolei mahakama mamlaka ya kusikiliza. Lakini ya Bowles bado inasimama. Kwa hiyo ninapopokea amri ya kuongezewa muda wa notisi, naiweka kando ya sheria na kuhesabu upya mwenyewe. Tarehe zikitofautiana, nafuata iliyo karibu zaidi.