Dawa za kutuliza: dhana potofu kuhusu kuacha na kurudia

Diazepamu, lorazepamu na alprazolamu huongeza nguvu ya GABA, kemikali inayotuliza ubongo. Ukizimeza kila siku kwa wiki kadhaa, ubongo hupunguza usikivu wake kwa GABA. Dawa ikikatwa ghafla, GABA iliyopo haitoshi tena kuutuliza.

"Siachi, napumzika Ramadhani tu."

Lamu dhana hii ina wafuasi wengi, na ndiyo ya kuogopwa zaidi. Diazepamu huchukua saa 20 hadi 50 kupungua nusu mwilini, na mabaki yake yenye nguvu hukaa zaidi ya hapo. Anayemeza kidonge kimoja usiku hana sababu ya kukiacha: akimeze baada ya tarawehe. Wenye shida ni wa alprazolamu, inayopungua nusu kwa saa 11 hivi na humezwa mara mbili tatu kwa siku. Hao wamwone daktari wiki kadhaa kabla mwezi haujaandama, apange upya saa na aina ya dawa.

Anayekata ghafla hukosa usingizi, hutoka jasho, hutetemeka mikono, moyo ukamwenda mbio. Dawa za muda mfupi huleta haya siku ya kwanza au ya pili. Diazepamu huweza kuchelewa hata wiki, na wengi hudhani wameshavuka. Anaweza pia kuanguka kifafa mtu ambaye hajawahi kuanguka maishani. Huyo apelekwe hospitali. Habari za pepo na kombe zisubiri.

"Nikirudia, narudi kwenye dozi yangu ya zamani."

Baada ya wiki kadhaa bila dawa, mwili umepoteza uzoefu, na dozi ya zamani inaweza kumlaza mtu asiamke. Hatari huzidi akichanganya na mnazi, tramadoli (dawa ya maumivu), unga (heroini) au methadoni (dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga), kwani vyote hupunguza pumzi. Wanaohudhuria kliniki ya methadoni Malindi waseme wazi kama wanatumia bugizi, yaani vidonge hivi vya kutuliza. Naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha unga, huondoa nguvu ya unga, haiondoi ya bugizi.

"Nikiacha wasiwasi unarudi, basi sijapona."

Pengine, lakini tazama namna unavyorudi. Ugonjwa wenyewe hurejea polepole na sura yake ileile. Athari za kuacha huja ndani ya siku chache na mambo mapya: mwanga unachoma macho, sauti ndogo inakera, ngozi inawasha kama inatambaliwa na wadudu, kisha hupungua kadiri wiki zinavyopita. Anayerudia dawa kila anapoyaona haya hujiingiza katika mzunguko. Na aliyewahi kuanguka kifafa alipoacha yuko hatarini zaidi safari ijayo. Huyo asijaribu nyumbani kabisa.

"Kupunguza ni kuruka siku."

Leo unameza, kesho humezi: huko ni kuacha na kurudia kila baada ya siku moja. Punguza kiasi, usiruke siku. Hatua ya kawaida ni asilimia 5 hadi 10 hivi ya dozi ya kuanzia kila wiki mbili hadi nne, daktari akijua. Kwa diazepamu ya miligramu 10, vidonge vya 5 na vya 2 vinatosha: 9 ni 5+2+2, 8 ni vinne vya 2, 7 ni 5+2, 6 ni vitatu vya 2. Chini ya 5, shuka kwa nusu miligramu, yaani robo ya kidonge cha 2. Hatua ikikulemea, kaa hapohapo wiki zaidi, usipande. Ni kazi ya miezi mingi, na anayekuahidi wiki mbili anakudanganya.

"Vikiisha nitaazima kwa jirani."

Vidonge havilingani. Alprazolamu ya miligramu 0.5, au lorazepamu ya 1, hukaribia nguvu ya diazepamu ya 10. Wa visiwani, kama Kizingitini na Kiwayu, wachukue dawa mpya zikiwa zimebaki za wiki mbili, hasa kusi likivuma na boti zikakwama.