Mgongano wa vitambulisho: namba moja, maeneo mawili

Mgongano wa vitambulisho hutokea pale data za ramani kutoka vyanzo viwili zinapoingizwa kwenye hifadhidata moja, kisha rekodi mbili zikakutwa na namba ileile. Si lazima kuwe na aliyekosea. Kitambulisho hutolewa kiwe cha pekee ndani ya chanzo chake tu. Nje ya hapo hakina dhamana yoyote.

Chukua kaunti za Kenya. Kwa orodha ya Jedwali la Kwanza la Katiba ya 2010, Mombasa ni namba 1 na Nairobi ni 47. Kiwango cha ISO 3166-2, yaani orodha ya kimataifa ya misimbo ya maeneo ndani ya nchi, kinazipanga kaunti hizohizo kwa alfabeti: KE-01 ni Baringo, Mombasa ni KE-28, Nairobi ni KE-30. Sasa mtu akiondoa herufi ili abaki na namba tupu, kisha akaoanisha mipaka yenye namba za Katiba na takwimu zenye namba za ISO, kila rekodi itapata mwenzake, kwa kuwa 1 hadi 47 zipo pande zote mbili. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea, ila takwimu za Baringo zitachorwa Mombasa. Ongeza mikoa ya Tanzania kwenye jedwali hilo, na Arusha, ambayo kwa ISO ni TZ-01, inakuja na 1 yake. Mgongano unaozuiwa na hifadhidata ni nafuu kuliko huu unaopita kimyakimya.

Kabla ya kugusa chochote, jibu swali moja: je, ni kitu kimoja kilichoingia mara mbili, au ni vitu viwili vilivyopewa namba moja? Dawa ya hali moja huharibu nyingine.

Mfano wa kitu kimoja ni mafaili ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, yaliyokatwa kwa nchi. Barabara inayovuka mpaka pale Namanga inaweza kuwemo kwenye faili la Kenya na la Tanzania ikiwa na id (kitambulisho) ileile. Hapo unataka nakala moja tu, na osmium merge, amri ya kuunganisha mafaili hayo, huiondoa ya pili, mradi mafaili yote yawe ya wakati mmoja. Likiwa moja ni la wiki iliyopita na jingine la leo, kitu kilichohaririwa katikati kitabaki na matoleo mawili. Kumbuka pia kwamba nukta, mistari na mahusiano ya OpenStreetMap huhesabiwa kila kundi kivyake, hivyo nukta 100 na mstari 100 ni vitu tofauti kabisa. Ufunguo, yaani kinachoitambulisha kila rekodi, uwe aina pamoja na id. Safuwima yenyewe ya id iwe bigint (namba nzima kubwa), kwa sababu id za nukta zilishapita kikomo cha integer (namba nzima ya kawaida) cha 2,147,483,647 zamani.

Vikiwa vitu viwili, usifute kitu. Njia tunayoipendekeza ni kutunza namba ya awali pamoja na jina la chanzo, na kuufanya ufunguo kuwa wa safuwima mbili:

PRIMARY KEY (chanzo, id_chanzo)

Zihifadhi id hizo kama maandishi, la sivyo 001 itageuka 1.

Wengine huongeza 10,000,000 kwenye kila id ya seti ya pili. Inafanya kazi ikiwa kiasi hicho kinazidi id kubwa kuliko zote ya seti ya kwanza, na ikiwa umeongeza kilekile kwenye kila jedwali linalozitaja id hizo. Ukisahau jedwali la pili, barabara zitaelekeza kwenye nukta za watu wengine. Kwenye PostgreSQL, programu ya hifadhidata, isogeze na sequence (kihesabu kinachotoa id mpya) kwa amri ya setval hadi id kubwa iliyopo, maana rekodi zilizoingia na id zake haziisogezi.

Tahadhari na ON CONFLICT DO NOTHING, agizo la kuiruka rekodi ambayo ufunguo wake umeshatumika. Kosa linatoweka, lakini na rekodi inatoweka. Hesabu rekodi kabla na baada.

Kwa wanaotumia QGIS, programu ya ramani, mgongano huonekana sana wakati wa kuhifadhi tabaka zilizounganishwa kama GeoPackage, aina ya faili la data za ramani: unapata kosa UNIQUE constraint failed, kwa kuwa kila tabaka lilikuja na fid (namba za rekodi) yake. Nakili fid ya zamani kwenye safuwima nyingine ukiihitaji, ifute, kisha uache faili litengeneze mpya.

Bado kuna kinyume chake: shule moja yenye id mbili tofauti. Hiyo haionekani kwa namba, inatafutwa kwa umbali na jina. Kwa ST_DWithin, amri ya PostGIS (kiongezo cha ramani cha PostgreSQL) ya kutafuta vitu vilivyo ndani ya umbali fulani, data ikiwa geometry ya EPSG:4326 (longitudo na latitudo kwa digrii), 50 uliyoandika ukidhani ni mita itasomwa kama digrii 50, na kila shule ya Kenya itakuwa jirani ya kila shule ya Tanzania. Badili kwanza kuwa geography, aina inayopima kwa mita.